Kitabu cha Wasiofika Arobaini

Morogoro, 14 Mei 1911

Bibi yangu,

Shikamoo. Najua dada Scholastika, binti wa mjomba, ndiye anayekusomea, kwa hiyo shikamoo hii aitamke polepole, asiipite mbio kama anavyoipita sala ya jioni.

Mimi ni mzima kiasi. Kazi hapa hospitalini ni ileile: kufunga vidonda, kugawa kwinini, kumtafsiria Daktari maneno ya wagonjwa. Daktari huyu mpya alikuja Januari na ana kitabu kikubwa chenye jalada jeusi. Anataka kujua kwa nini mtu mmoja anaishi miaka themanini na mwingine anakwenda kaburini akiwa na thelathini na tano. Yeye anaamini jibu limo katika damu, linatoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto kama pua na macho yanavyotoka.

Nikamwambia habari zako. Nikasema mama yake mama yangu anaishi mlimani juu ya Matombo, kwamba ulikuwa umekwisha kuzaa wawili ukuta wa mawe wa Simbamwene ulipokuwa ukijengwa hapa mjini, zaidi ya miaka sitini iliyopita, na mpaka leo unalima na unazalisha wanawake. Kisha nikamwambia upande wa baba: babu, baba, na kaka Fransisko, wote walikufa kwa moyo, wote kabla ya arobaini. Bibi, mtu yule alipiga meza kwa furaha! Akasema, "Kasiani, wewe una damu mbili ndani ya mwili mmoja. Hebu tuone ipi itashinda."

Ana maombi mawili. La kwanza, ushuke Morogoro akupime kichwa, mikono na mapigo ya moyo. La pili, nikuulize hasa kila mmoja wa wale watatu alikufa vipi, alisikia maumivu wapi, siku ngapi. Mimi nilikuwa misheni baba alipofariki, na Fransisko alipofariki nilikuwa Dar es Salaam nikijifunza kazi. Wewe ndiye uliyewazika.

Yuliana, yule mjane anayefua nguo za hospitali niliyekutajia, anakusalimu. Tumezungumza habari za ndoa.

Mjukuu wako,
Kasiani


Matombo, 2 Juni 1911

Mume wangu Kasiani,

Marahaba. Scholastika ameitamka vizuri.

Mwambie Daktari kichwa changu kinatosha kubeba mtungi, na hicho ndicho kipimo ninachokijua. Sishuki. Mke wa rafiki yako Maneno ana mimba ya miezi minane na mtoto amekaa vibaya, inanibidi nimgeuze kila siku ya pili. Maharage yamechanua. Na binti wa jirani, yule mwoga, hatamruhusu mtu mwingine amguse siku yake ikifika. Nikishuka huko kupimwa masikio, nani atabaki hapa?

Habari za wanaume wa upande wa baba yako nilikwisha kukupa. Ni moyo. Usinirudishe huko.

Huyo Yuliana anajua kulima au anajua kufua tu? Umri wako ni miaka thelathini na mitano. Mlete nimwone, acha kuzungumza.

Bibi yako

Kaka, hapa ni mimi Scholastika, naandika bila yeye kujua. Tulipofika mahali pa Fransisko aliniambia nisome tena. Halafu akasema, "Andika moyo." Nikamwuliza, moyo ulifanyaje? Akanijibu, "Andika moyo! Wewe ni mwandishi au ni jumbe?" Akachukua jembe akatoka kwenda shambani, na jua lilikuwa limekwisha kuzama. Sijui kuna nini.


Morogoro, 25 Juni 1911

Bibi yangu,

Shikamoo. Daktari hakulipenda jibu lako. Amesema hukuombwa, umeitwa. Ataandika kwa akida, na akida atamwagiza Jumbe Pazi akuletee machela na wachukuzi wanne. Nakusihi ukubali. Utalala hapa kwangu siku mbili na kurudi.

Nina jambo jingine, na ningependa kulificha, ila huenda ukaniponyesha kwa kuniambia ukweli. Moyo wangu umeanza. Nikiwa nimekaa tu, unakwenda mbio kama mtu anayefukuzwa. Mikono inakufa ganzi. Juzi nilianguka nikiwa nimeshika bakuli la dawa. Daktari alinisikiliza kwa ule mpira wake wa kusikilizia kifua, akatikisa kichwa, akaenda moja kwa moja kwenye kitabu. Hakuandika kwenye karatasi ya wagonjwa, Bibi, aliandika kitabuni, chini ya jina la Fransisko.

Baba alianza hivi? Fransisko alianza hivi? Niambie walikuwa wanasikia nini, nijue nimebakiwa na muda gani.

Kasiani


Matombo, 20 Julai 1911

Mume wangu,

Machela yamekuja. Jumbe Pazi alitangulia, amevaa ile fulana yake nyekundu, nyuma yake askari mmoja na wachukuzi wanne wanaohema kama mbwa. Askari akasema, "Bibi, panda." Nikamwambia, "Baba, kaa kwanza, unywe maji, umepanda mlima." Akakaa. Nikamwambia, "Mke wa Maneno ameshikwa na uchungu tangu asubuhi, yuko kule juu penye miwa. Ninyi mna machela, mimi nina mzazi. Tupande wote, mtoto akitoka tutazungumza." Nikashika njia. Walinifuata mpaka kwenye maporomoko ya kwanza. Nilipogeuka, wachukuzi wawili walikuwa wamelala chali na machela yamelala juu yao.

Mtoto alitoka jioni, wa kiume, ametanguliza miguu na yu hai. Niliporudi hawakuwapo. Pazi aliacha neno kwamba atasema hakunikuta. Ni mwoga Pazi, lakini mimi ndiye niliyemzalisha mama yake.

Sasa wewe. Moyo wako unakwenda mbio kwa sababu unaufukuza. Unalala unausikiliza, unaamka unausikiliza. Hata jogoo ukimkodolea macho mchana kutwa ataacha kuwika. Pika ugali, ule, uende kwa huyo mfuaji ukae naye. Usiniulize habari za makaburi.

Bibi yako


Morogoro, 3 Agosti 1911

Dada Scholastika,

Barua hii ni yako peke yako, usimsomee Bibi.

Nimemwambia Yuliana kwamba hakuna ndoa. Sikumpa sababu. Nawezaje kumwoa mwanamke aliyekwisha kuzika mume mmoja ili azike na wa pili? Na wale watoto ambao wangezaliwa, nao nitawatilia damu hii?

Jana Daktari alitoka kwenda wodini akaacha kitabu wazi. Nimejifunza Kidachi cha kutosha. Ukurasa wetu una mistari minne. Babu, moyo. Baba, moyo. Fransisko, moyo. Wa nne ni mimi, na mbele ya jina langu ameandika: hatafika arobaini.

Mama yangu hayumo kabisa. Nilipomwuliza Daktari, alisema Mama alikufa kwa ndui, na ndui inatoka nje, haihesabiwi.

Shati langu jeupe na blanketi jipya nitampa Maneno. Biblia ni yako. Ninachokuomba ni kimoja: siku habari ikifika, mwambie Bibi nililala tu sikuamka, asijue kwamba niliogopa.

Kaka yako,
Kasiani


Matombo, 19 Agosti 1911

Kasiani,

Nisamehe mimi Scholastika. Nilimsomea. Sikuweza kukaa na barua ile nyumbani. Baada ya hapa maneno yote ni yake, ameniapisha nisipunguze.

Mjukuu wangu. Leo sikuiti mume wangu, leo hakuna utani.

Hakuna moyo. Hakujawahi kuwa na moyo. Niliutunga mimi.

Babu yako, baba yake baba yako, aliyekuwa jirani yetu na ndugu kwangu, alikamatwa na watu wa misafara ya watumwa njiani akienda kutafuta chumvi. Walimtia mnyororo wa shingo. Mtu yule alikuwa na nguvu, akakaa chini akakataa kutembea, basi wakampiga mpaka wakamwacha hapo. Tulimkuta siku ya tatu. Mimi nilimwosha, nikaiona shingo. Mkewe akasema watoto wasijue, maana siku zile mtoto wa mtu aliyetiwa mnyororo aliitwa mtumwa na wenzake. Tukasema alilala hakuamka, ni moyo.

Baba yako. Mwaka ule Wadachi walipita wakikusanya wapagazi wa kubeba mzinga wa vita kwenda Mpwapwa. Walimchukua shambani, jembe likabaki limesimama. Mwenzake alipoanguka, alibebeshwa na mzigo wa mwenzake. Alirudi anatema damu, nikamwuguza siku sita. Fransisko alikuwa na miaka kumi na saba, nikamkuta ananoa panga. Nikajua nikisema mzinga, nitazika wawili. Nikasema, "Ni moyo, kama baba yake." Mama yako alijua. Akanishika mkono, akanyamaza mpaka ndui ilipomchukua.

Na Fransisko. Alikuwa kambi ya reli karibu na Mikese. Mwenzao mmoja alikuwa na homa, msimamizi akamwinua kwa teke abebe chuma. Fransisko akasema, "Bwana, huyu ni mgonjwa." Hilo tu. Akapigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, akaachwa juani. Alikufa siku ya pili. Wenzake walimleta tukamzika, na aliyeniambia ni Stambuli, waliyelala naye kibanda kimoja. Yupo mpaka leo Mikese, kamwulize.

Wewe ulikuwa Dar es Salaam, ndani ya hospitali ya watu walewale. Vita vya Majimaji vilikuwa havijapoa, watu walikuwa wananyongwa kwa kusema tu. Nikafikiri, huyu ndiye aliyebaki wa binti yangu. Akijua, atatia kitu kwenye kikombe cha Mdachi, au atapayuka, na mimi nitakuwa sina mtu. Nikasema moyo. Neno lilitoka bila shida, nilikuwa nimekwisha kulizoea.

Nilikudanganya ili uishi. Sasa naona uongo wangu umekaa kifuani mwako unakutafuna. Ukinisamehe, sawa. Usiponisamehe, sawa pia. Lakini usife kwa ugonjwa niliouumba mimi kwa mdomo wangu! Kama ni kufa, utafute ugonjwa wako mwenyewe.

Bibi yako


Matombo, 24 Septemba 1911

Kaka Kasiani,

Tumetuma barua mbili, hujajibu. Tarishi wa misheni anasema hakukukuta hospitalini. Bibi haulizi. Anaamka, analima, anazalisha, ila kila tarishi anapopita anasimama na jembe mkononi mpaka amalize kupita.

Kama umekasirika, andika kwamba umekasirika.

Scholastika


Morogoro, 30 Oktoba 1911

Bibi yangu,

Shikamoo.

Ninaandika nimelala kifudifudi, ndiyo maana mwandiko umekaa upande. Usishtuke, soma mpaka mwisho.

Barua yako ilipofika nilikaa nayo siku tatu. Nilikukasirikia, Bibi. Miaka minne nimewaonea huruma baba na kaka kwa udhaifu wao, kumbe hawakuwa dhaifu. Miaka minne nimekuwa nikitembea kama mtu aliyebeba yai. Siku ya nne niliomba ruhusa, nikaenda Mikese. Stambuli nimempata. Anauza miwa kando ya njia, mkono mmoja hauinuki. Nilipomtajia Fransisko alikaa chini. Akaniambia yote, na akaniongezea moja ambalo wewe hukunieleza: yule mgonjwa wa homa aliyetetewa na Fransisko ni yeye Stambuli.

Nikarudi. Njia nzima kutoka Mikese, jua kali, nilipanda vilima bila kusimama. Nilikuwa karibu kufika ndipo nikagundua kwamba sijausikiliza moyo wangu tangu asubuhi.

Nikaenda kwa Daktari. Nikamwambia, "Bwana Daktari, mama yangu hukumhesabu kwa sababu ndui inatoka nje."

Akasema, "Ndiyo."

"Na mnyororo unatoka wapi? Na mzinga? Na kiboko?" Nikamweleza yote, jina moja baada ya jingine.

Alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Akasema, "Kasiani, mambo haya si magonjwa. Kitabu hakina safu yake."

"Basi futa majina yao. Wasikae mahali pa watu wenye damu mbovu."

"Kilichoandikwa kwa wino hakifutwi."

Jumapili, yeye yuko kanisani, nilikifungua kitabu. Nilitumia wino wake uleule usiofutika. Mbele ya babu niliandika: mnyororo. Mbele ya baba: mzinga. Mbele ya Fransisko: hamsa ishirini, Mikese, 1907. Mbele ya jina langu nilikata maneno yake, nikaandika: haijulikani. Sikujificha. Jumatatu alipouliza ni nani, nilisema ni mimi.

Nikapelekwa bomani, nikafungwa wiki kadhaa nikingoja hukumu. Walisema nimeharibu mali ya serikali na nimefanya ufidhuli. Hukumu unaijua, ni ileile ya Fransisko.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Sheria yao inasema mtu hachapwi kabla Daktari hajampima na kusema ataweza. Akaletwa yeye. Akaja na mpira wake, akaniwekea kifuani. Nikamtazama machoni, akawa anatazama ukuta. Nilijua amekwama. Akisema moyo dhaifu, sichapwi, na kitabu chake kinabaki cha kweli. Akisema moyo mzima, nachapwa, na kitabu chake ni uongo. Alisikiliza muda mrefu, Bibi, mrefu kuliko siku zote. Kisha akamwambia yule bwana wa boma, "Moyo mzima. Anaweza."

Sijui kwa nini alisema hivyo. Labda ni hasira. Labda ni mara ya kwanza alisikiliza moyo wenyewe na si jina la ukoo. Mimi nilicheka. Askari walitazamana wakidhani nimepata wazimu. Nilicheka kwa sababu ilikuwa imesemwa mbele ya watu, kwa kinywa chake.

Kuchapwa sitakusimulia. Nilihesabu mpaka kumi na tisa, baada ya hapo wengine walinihesabia. Moyo ulikuwepo wakati wote. Nilimkumbuka Fransisko, na niliona ajabu kwamba sikuogopa kufa kama nilivyoogopa miezi yote hii nikiwa nimekaa kwenye kiti.

Kazi sina tena. Yuliana amesikia, amekuja, na tangu siku ile analeta uji asubuhi na jioni, ananisafisha mgongo. Nilimweleza kwa nini nilimkataa. Akanitazama kama mtu anayetazama nguo iliyochanika. Akasema, "Marehemu mume wangu alikuwa na kifua kama ng'ombe. Mamba alimchukua akivuka Ngerengere. Mimi nilikuuliza utaishi miaka mingapi? Nilikuuliza kama utakuja Jumamosi."

Nimekusamehe. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilitaka kwanza kuwa na habari ya kukuandikia.

Kasiani


Morogoro, 21 Novemba 1911

Dada Scholastika,

Nadhani ulikuwa unajua ukanificha. Jumamosi mchana nilisikia mtu anamfokea Yuliana uani: "Uji gani huu mwepesi? Mtu huyu ana mgongo wa kujaza!" Nikadhani homa imenipanda. Kumbe ni Bibi, amesimama na jembe begani, vumbi mpaka magotini. Ametembea siku nne. Alilala kwa watu aliowazalisha, na anasema kote alikopita hakukosa nyumba.

Aliufunua mgongo wangu. Hakulia. Aliupima kwa vidole vyake, mshipa kwa mshipa, akasema, "Umepona vibaya hapa na vizuri hapa." Kisha akamgeukia Yuliana, akamwuliza ni nani aliyemfundisha kusafisha kidonda hivyo. Yuliana akasema hakufundishwa. Bibi akasema, "Nitakufundisha kuzalisha." Basi. Hiyo ndiyo posa yetu.

Habari ilifika hospitali kabla ya jua kuzama. Daktari alikuja mwenyewe, kwa miguu, na kile chuma chake cha kupimia vichwa. Alisimama mlangoni, na kwa kweli nilimwonea huruma kidogo, maana alimtazama Bibi kama padri anavyotazama altare. Aliniambia nimtafsirie. Nikasema mimi si mtumishi wake tena, lakini kwa ajili ya Bibi nitatafsiri.

Bibi akaniuliza, "Yale maneno matatu uliyoandika, bado yamo kitabuni?"

Daktari akasema ameubandika ukurasa ule karatasi juu.

"Basi hanipimi."

Daktari akasema anaweza kuita askari. Bibi akaketi kwenye kigoda, akakunja mikono. "Aite. Miaka yangu aliitafuta mlimani, sasa imekuja yenyewe mjini. Akiniburuza, atapima mwanamke aliyeburuzwa. Hicho ndicho anachotaka kujua?"

Nilitafsiri neno kwa neno. Daktari alikiweka kile chuma chini. Mwisho akasema, taratibu, si kwa amri, "Mwulize basi. Kwa nini ameishi hivi?"

Bibi akasema, "Nitamjibu kwa barua. Huyu ni mtu wa kuamini karatasi."

Ameniamrisha nitayarishe kalamu. Wewe umepumzishwa kazi, dada. Tunaondoka kesho kutwa, watu watatu.

Kasiani


Morogoro, 23 Novemba 1911

Kwa Daktari,

Anayesema ni mimi, bibi wa Matombo. Anayeandika ni mjukuu wangu Kasiani. Hajaongeza lake.

Umeniuliza jambo, na umeuliza kwa adabu, kwa hiyo nakujibu.

Sikatai damu. Mama yangu alikufa ana meno yake yote, na shangazi zake vivyo hivyo. Nazalisha watu miaka sitini, nimeona mtoto akitoka na kidole cha sita cha babu yake. Hapo umeona sawasawa. Lakini sisi tulizaliwa wanawake watano kwa mama mmoja na baba mmoja, tukanyonya ziwa moja. Wa kwanza alikufa kwa njaa. Wa pili kwa uzazi. Wa tatu alichukuliwa kwenye msafara, sijui alikozikwa. Wa nne aliishi mpaka mumewe alipomfukuza, akakaa kwenye kona ya nyumba ya kaka yetu, hatumwi, haulizwi, hapewi hata mboga ya kuchambua, akafa kabla mvua haijarudi na hakuwa na ugonjwa. Damu yetu ilikuwa moja. Kitabu chako kingesema nini juu yake?

Mimi mara tatu nilitaka kufa. Nilipowazika wale watatu, kila mara nilijilaza nikageukia ukutani. Na kila mara mtu aligonga mlango akasema, njoo, mtoto anatoka. Huwezi kumwambia mtoto angoje mpaka umalize kulia. Nikaamka nikiwa na hasira, nikaenda. Hasira ile mpaka leo ninayo. Ninalima nayo, napanda nayo mlima. Sijawahi kuiacha ilale ndani ikaoza.

Mjukuu wangu nilimpa woga badala ya hasira, nikidhani ni salama zaidi. Nilikosea. Mwoga moyo wake unafanya kazi ya watu wawili. Umemwona mwenyewe: ulipomtilia hofu ya damu yake, alianguka na bakuli mkononi. Alipojua baba zake walikuwa watu wazima waliouawa, alitembea kutoka Mikese bila kupumzika, akapigwa, akaamka. Moyo ni uleule. Uliusikia kwa masikio yako na ulisema kweli. Kwa neno lile moja nakushukuru, ingawa liliniumiza.

Atafika arobaini? Sijui. Wewe pia hujui. Anarudi nami mlimani, na hospitali nitakayompa haina milango. Kule kuna watu wenye vidonda na homa, na wanamngoja. Anaoa Jumatatu ya kwanza baada ya mavuno. Padri amekubali, na mimi nimemwahidi padri kwamba nitafikiria tena habari ya ubatizo.

Karatasi uliyobandika juu ya wale watatu, ibandue. Usipoibandua, ikae, lakini jua kwamba nimewaambia watu wote niliolala kwao njiani, kijiji kwa kijiji, na nikirudi nitawaambia wa njia nyingine. Miaka mingi nilinyamaza. Sasa nimepata ladha ya kusema.

Ukitaka kunipima, panda mlima kwa miguu yako, bila askari, bila machela. Uliza njia kwa mtu yeyote. Utanikuta shambani, na kama kuna mwanamke mwenye uchungu siku hiyo, utakaa chini ungoje kama wengine.

Nimetia kidole changu kwenye wino hapa chini.

Bibi yake Kasiani, bibi yake Fransisko